Mavazi ya wahusika wa vitabu kwa vifaa vilivyomo nyumbani

Kila inapokaribia tarehe 23 Aprili, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1995 kuwa Siku ya Vitabu Duniani, wazazi na walimu huniuliza swali moja: mtoto ametakiwa avae kama mhusika wa kitabu, je, anunuliwe nini? Walioko Uingereza huuliza mapema zaidi, kwa kuwa huko siku hiyo kwa kawaida huadhimishwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi Machi. Mimi hushona mavazi ya jukwaani, na jibu langu ni kwamba asinunuliwe chochote kabla hadithi haijasomwa upya kwa jicho la fundi: ni kitu gani ambacho kikiondolewa, kisa chote kinaanguka? Kitu hicho kikishapatikana, sehemu kubwa ya kazi imekwisha, na nguo zilizosalia zitatoka kabatini.

Hadithi zetu zinatulazimisha kufuata njia hii, kwa sababu ni mara chache zinaeleza sura ya mhusika au nguo alizovaa. Hakuna ajuaye pua ya Abunuwasi ilikuwaje, lakini wengi wanakumbuka kwamba aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na ndogo ndani yake akidai imezaa, na alipoiazima tena akasema imekufa. Mtoto akivaa kanzu na kofia peke yake, ataonekana anakwenda msikitini. Akibeba sufuria kubwa yenye mtoto wake ndani, hata mlinzi wa getini atamtambua. Zichaguliwe za alumini nyepesi, na ile ndogo ibandikwe kwa utepe wa gundi, la sivyo itakuwa imepotea kabla ya saa nne asubuhi.

Fumo Liyongo ni mtihani mgumu zaidi. Utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913 unamsifu kwa urefu na nguvu, na wewe una mtoto anayekufika kiunoni. Wazazi wengi hukimbilia kumtengenezea upinde mrefu kuliko yeye mwenyewe, na matokeo yake mtoto huzidi kuonekana mdogo, kwa kuwa jicho humpima mtu kwa kulinganisha na vitu alivyoshika. Jitu hupatikana kwa kuvipunguza vitu hivyo: upinde wa sentimita 50 hivi, mishale ya vijiti visivyochongwa ncha, na podo la bomba la karatasi ngumu linalobaki katikati ya jora la kitambaa, ambalo wauza vitambaa wengi hulitupa. Mkobani, ambamo utenzi unasema alikuwa na kinu na mchi, atiliwe kile kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Halafu kije kitu chenyewe ambacho hadithi inakitegemea, yaani mkate uliofichwa tupa aliopelekewa gerezani. Uwe mkate wa kahawia, kwa maana walinzi waliula mkate mzuri wakamwachia ule wa kumvi. Upasue ubavuni, uingize tupa ya karatasi ngumu iliyozungushiwa karatasi ya fedha, kisha uiache ncha ichungulie. Nguo yake ni kikoi kiunoni na kanga begani. Tafadhali usiikate kanga ya mtu. Ikunje na kuipiga bandi kwa uzi wa rangi tofauti, ili jioni bandi hiyo ifumuliwe na doti irudi kwa mwenyewe ikiwa nzima.

Sungura ndiye anayeombwa kuliko wote, na ndiye anayeharibiwa kuliko wote, kwa sababu watu hudhani masikio ya boksi yanatosha. Boksi likipata jasho hulegea, halinyooki tena. Waya nao hutoboa kitambaa na unaweza kumchoma mtoto jicho. Mimi hutumia njiti za ufagio wa chelewa. Kila sikio linahitaji vipande viwili vya kitambaa vyenye urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 9, vishonwe pembeni na juu, vigeuzwe, kisha ziingizwe njiti tatu zilizolowekwa majini hadi zikalainika, zikafungwa pamoja, na ncha zake kuzungushiwa kitambaa mara kadhaa. Masikio hayo yashonwe kwenye ukanda wa lastiki. Pima kichwa cha mtoto juu kidogo ya nyusi, kisha upunguze sentimita mbili au tatu ili ukanda ushike bila kubana. Sikio moja lipinde kabla njiti hazijakauka: Sungura wa hadithi zetu husikiliza kila upande, na masikio mawili yaliyonyooka sawasawa humfanya aonekane kama mdoli wa dukani.

Kwa Fisi, masikio yawe mafupi na ya mviringo, lakini kinachomtambulisha ni mgongo unaoteremka. Jaza nguo kuukuu mabegani, chini ya shati pana, na uache kiuno kitupu.

Katika kitabu cha Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu waligeuzwa kuwa manyani, na Adili akalazimika kuwachapa kila usiku. Hapa kosa la kawaida ni kuwafunika watoto manyoya tangu utosini hadi miguuni, hata msomaji asahau kwamba hao ni ndugu. Waache na kanzu au shati zuri, kisha ongeza mkia wa soksi ndefu iliyojazwa matambara, na kinyago cha nusu uso kinachoishia juu ya mdomo, ili waweze kusema na kupumua vizuri. Minyororo hutengenezwa kwa vipande vya boksi vilivyofanywa pete na kugandishwa kwa uji mzito wa unga wa ngano, kisha kupakwa masizi. Kiboko nakiondoa kabisa, kwani mbele ya darasa la watoto kitatumika kweli; mpe Adili sahani ya chakula anachowalisha.

Rangi za ukutani zisipakwe usoni kwa hali yoyote. Mkaa uliosagwa laini na kuchanganywa na mafuta ya nazi unatosha kwa sharubu na nyusi, ingawa ni vema kuujaribu kwanza mkononi siku moja kabla.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, mvalishe mtoto kila kitu, akae chini, apande ngazi, kisha aende chooni bila msaada. Fundo lolote atakaloshindwa kulifungua mwenyewe, likate na kushona lastiki mahali pake.