Mazungumzo Ndani ya Gari kwa Bajeti Ndogo: Kwanza Uliza Kama Gari Lazima Liende

Onyesho la filamu la watu wawili wanaozungumza garini huonekana jepesi kwenye karatasi. Siku ya kupiga ikifika, mambo matatu yanakukaba kwa pamoja: mwanga wa nje unaouzidi wa ndani, injini inayomeza maneno, na mwigizaji anayetakiwa kuigiza huku ameshika usukani. Kabla ya kutafuta vifaa, chukua maandishi yako na utie alama kwenye mistari ambayo mtazamaji lazima aione barabara ikikimbia. Mara nyingi ni michache sana. Iliyobaki yote inapigwa gari likiwa limeegeshwa, na hakuna atakayegundua, maana kinachomfanya mtazamaji aamini kwamba gari linakwenda ni mwanga unaompitia mwigizaji usoni na vitu vinavyosogea nyuma ya kichwa chake.

Kama hadithi inaruhusu, lifanye onyesho liwe la usiku. Egesha gari mahali penye giza, pasipoonekana ukuta wala mti nyuma ya vioo. Bandika taa ndogo ya LED chini ya dashibodi, ifunike kwa karatasi nyeupe na uipunguze hadi ibaki hafifu tu, kama mwanga wa geji. Kisha mtu mmoja abebe taa nyingine kwenye fimbo ndefu: aanzie mbele ya boneti, aipitishe juu ya kioo cha mbele, amalizie nyuma ya paa na kuizima, halafu arudi mwanzo. Wengi huipitisha haraka mno. Piga hesabu: kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde, kwa hiyo nguzo za taa zilizoachana mita 30 hupita moja kila baada ya sekunde 2 hivi. Mbeba taa avae spika ya sikioni na asikilize mdundo kutoka kwenye simu. Asipofanya hivyo, kasi ya gari itakuwa inabadilika katikati ya sentensi, na shoti mbili hazitaungana.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni taa za nyuma ya dirisha kwenda kinyume. Kamera ikitazama nje kupitia dirisha la kushoto la gari, vitu vya nje lazima vipite kutoka kulia kwenda kushoto mwa fremu. Kupitia dirisha la kulia, ni kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikosea hapo, gari linarudi kinyumenyume na mazungumzo yako yote yameharibika. Taa mbili tatu zikibebwa mita 5 hadi 10 kutoka kwenye gari, na tundu la lenzi likiwa limefunguliwa sana, hadi f/2, zinageuka mabaka laini ya mwanga, wala hakuna atakayeona aliyezibeba.

Gari pia linahitaji kutikisika. Mtu mmoja akibonyeza kona ya nyuma kwa viganja anatosha, ilimradi asibonyeze kwa mdundo wa kujirudia. Barabara haina mdundo. Kamera isiwe kwenye tripodi iliyosimama ardhini, maana gari litaonekana likicheza mbele ya dunia iliyotulia. Ifunge kwenye gari lenyewe au uishike ukiwa umekaa ndani.

Mchana ni kazi nyingine, kwa sababu nje kunaonekana na hapo, kwa bajeti ndogo, mara nyingi hakuna njia ila kuendesha. Kwa kilomita 30 kwa saa unakula mita 500 kila dakika, hivyo mazungumzo ya dakika 3 yanahitaji kilomita 1.5. Tafuta barabara tulivu iliyonyooka ya kilomita 2 na zaidi, upate nafasi ya kuanza na kumaliza. Piga ukielekea upande mmoja tu. Safari ya kurudi itumie kubadilisha kadi ya kamera na kuzungumza na waigizaji, kwa sababu ukigeuka jua linahamia shavu la pili. Epuka barabara yenye miti: vivuli vinavyopitapita usoni vinapendeza kwenye shoti moja, lakini wakati wa kuhariri kila mkato utaruka.

Nje kunaweza kuizidi sura ya mwigizaji kwa stopu 3 au 4; kila stopu ni mwanga mara mbili. Plastiki ya kijivu ya kupunguza mwanga, ND 0.6, ikibandikwa kwenye dirisha hupunguza stopu 2, yaani hubakiza robo ya mwanga. Nyunyiza maji yenye sabuni kidogo, bandika, kisha sukuma mapovu nje kwa kadi ngumu, maana kila kikunjo kitaonekana. Kama fedha hazitoshi, tandaza neti nyeusi nje ya kioo cha nyuma. Lenzi ikiwa imelenga uso, nyuzi zake hazionekani. Kioo cha mbele na madirisha ambayo dereva huyatumia kutazama vioo vya pembeni usivifunike gari likiwa barabarani.

Ukipiga kupitia kioo cha mbele, adui ni anga linaloakisiwa. Filta ya polaraiza, ile inayokata mwakisiko, husaidia sana, ingawa inakula karibu stopu 2, na kitambaa cheusi kisichong'aa juu ya dashibodi humaliza sehemu ya chini ya mwakisiko. Ila polaraiza hiyo hiyo kwenye madirisha ya pembeni huchora madoadoa, kwa kuwa vioo hivyo vimepashwa joto kali na kupozwa ghafla ili viwe vigumu na mkazo uliomo ndani yake unaonekana. Huko ivue.

Kamera juu ya boneti inahitaji vikombe vitatu vya mpira vya kunyonya, bodi iliyofutwa kwa spiriti, na kamba ya usalama iliyofungwa kwenye chuma cha gari, halafu ukague kila safari. Kama inamzuia dereva kuona, gari hilo libebwe kwenye trela. Mwigizaji asiliendeshe hata mita moja. Kwa bajeti ndogo mimi napendelea kiti cha nyuma, kamera ikitazama kimshazari, lenzi ya milimita 24 hadi 35 kwenye kamera yenye sensa kubwa (full frame), yaani kile kipande kinachopokea picha. Chini ya 20 pua zinavutika. Zima utulizaji wa sensa (ule wa kuzuia picha kutikisika) kamera ikiwa imefungwa imara, vinginevyo pembe za picha zitayumba kama maji. Usiweke chochote mbele ya mfuko wa hewa wa usalama.

Sauti ndiyo inayoamua kama onyesho litatumika. Funga vioo, zima kiyoyozi, na bandika maikrofoni ndogo upande wa kola ulio mbali na mlango, kwa sababu mkanda wa usalama hutokea begani upande wa mlango na utaikwaruza. Weka ya akiba kwenye kivuli cha jua juu ya kioo. Rekodi dakika moja ya gari likienda bila mtu kusema. Kwenye gari lililoegeshwa kuna mtego: kimya huwafanya waigizaji wanong'one, na baadaye ukiongeza mngurumo wa injini watu hao wanasikika kama wako chumbani. Wasikilizishe sauti ya injini kabla ya kila teki, yaani kila mara mnapolipiga onyesho, kisha izime, nao watapaza sauti wenyewe.

Dereva wa kuigiza amtazame mwenzake kwa chini ya sekunde moja, kisha arudishe macho barabarani, na usukani ausogeze kidogo tu. Dereva wa kweli asipewe mistari ya hasira wala kilio, na asisomewe maelekezo akiwa kwenye mwendo. Mwongozaji aseme "anza" gari likiwa limeshatulia kwenye kasi yake, na kila mmoja ajue mapema kwamba "kata" si amri ya kukanyaga breki: dereva anaendelea hadi mahali salama pa kuegesha.