Tagi za "b" na "i" bado zipo
Wengi tuliojifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, tuliambiwa kwamba tagi za "b" (herufi nene) na "i" (herufi za mlazo) zilifutwa, na kwamba popote zilipo ziwekwe "strong" na "em". Si kweli. Hata HTML 4.01 ya mwaka 1999, iliyopendekeza tagi za "font" (mwonekano wa herufi) na "center" (kuweka katikati) ziachwe, haikuziondoa "b" na "i".

Tofauti kati ya tagi hizi iko kwenye maana. Tagi ya "em" hubeba mkazo wa sauti: katika "Sikumwambia yeye leo", ukikaza "yeye" unasema jambo moja, ukikaza "leo" unasema jingine. "Strong" ni ya jambo zito, kama onyo. Lakini *Panthera leo*, jina la kisayansi la simba, halikazwi na msomaji yeyote. Limeandikwa kwa mlazo kwa desturi tu, kwa hiyo "i" ndiyo yake. Kubadilisha "b" na "i" zote kuwa "strong" na "em" kwa mkupuo (kazi inayopendwa na wenye haraka) hupachika mkazo ambao mwandishi hakuukusudia.