Tunguu "kulala" maana yake nini?

Tunguu, yaani sehemu nene ya mmea iliyo chini ya ardhi, yenye umbo kama kitunguu, likilala, juu ya ardhi hakuna jani wala shina, ila chini lenyewe ni zima, limejaa akiba iliyotengenezwa na majani ya msimu uliopita. Hapa Dodoma kiangazi cha Mei hadi Novemba hulilaza chenyewe.

Chukua Scadoxus multiflorus, ua jekundu la mviringo linaloota lenyewe kwenye vivuli vya miti sehemu nyingi za Tanzania. Kichwa kimoja huweza kubeba vijiua hadi 200, na mara nyingi ua hutangulia, majani yakafuata.

Lipande Novemba, kabla mvua hazijakolea. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga wa korongoni. Shingo ya tunguu iwe usawa wa ardhi, na kati ya tunguu na tunguu acha sm 20. Upande wa mashariki wa nyumba unafaa: jua la asubuhi hadi saa tatu hivi, kisha kivuli. Chini ya mgunga pia panafaa. Mwarobaini mkubwa hapana, mizizi yake itamaliza maji yote. Jua la mchana likilipata, kingo za majani huungua.

Majani yakianza kugeuka njano, Aprili au Mei, punguza maji. Usiyakate yangali mabichi, ndiyo yanayolijaza tunguu. Yakikauka, acha kumwagilia kabisa.

Wengi huharibu hapo. Mwenye mpira wa maji anaona pamekaa patupu, anapapitia kila jioni pamoja na mchicha. Tunguu lililolala halinywi. Udongo unabaki na unyevu, fangasi wanaingia, na linaoza kuanzia kitakoni bila dalili yoyote juu. Panga mawe kulizunguka ili mahali pajulikane.

Desemba ikipita kimya, fukua kidogo ubonyeze shingo kwa kidole. Ikiwa ngumu, subiri. Ikibonyea na kunuka, toa tunguu pamoja na udongo wake. Lililo zima usilihamishehamishe, maana likivurugwa mizizi huweza kukaa msimu mzima bila kuchanua.

Nawa mikono ukishalishika: lina sumu, na mtoto akilikuta limefukuliwa atadhani ni kitunguu cha jikoni.