Ngozi yenye ualbino: rangi ilipokwama, na mafuta yanayopakwa kidogo mno

Wengi hudhani mtu mwenye ualbino hana seli za kutengeneza rangi. Anazo, na idadi yake si ndogo hata kidogo: ni kama za mtu mweusi tii. Seli hizo, melanositi, zimekaa sehemu ya chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, na kila moja hugawia rangi seli jirani zipatazo 36. Rangi yenyewe, melanini, hupikwa ndani ya vifuko vidogo kwa kimeng'enya kiitwacho tirosinesi.

Ualbino ulioenea zaidi huku kwetu hutokana na jeni ya OCA2, na mara nyingi kipande cha herufi 2,700 hivi za DNA ndicho kilichokatika. Protini ya jeni hiyo husaidia kupunguza uchachu ndani ya kifuko. Ikikosekana, kifuko hubaki kichachu na tirosinesi inazubaa. Melanini nyeusi haipikwi, inapatikana ile ya manjano tu, tena kidogo. Ndiyo maana nywele za wengi wao zina rangi ya mchanga na si nyeupe pee.

Kwa hiyo ngozi hii haizoei jua. Naomba wazazi walishike hilo, maana bado kuna anayemwacha mtoto juani "apate rangi kidogo". Haipati. Inaungua, na madhara ya kila siku yanarundikana hadi saratani, ambayo kwa wenye ualbino huanza mapema sana, wengine wakiwa bado vijana.

Mafuta ya kukinga jua yawe ya SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi. Kosa kubwa ninaloliona si aina ya mafuta, ni kiasi. Kamua mstari mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hayo yote ni ya uso, masikio na shingo peke yake. Ukipaka nusu yake, usitegemee kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Paka dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili, na rudia tena ukishatoka jasho jingi au kuoga. Sehemu zinazosahaulika ni ncha za masikio, kisogo, mdomo wa chini na migongo ya viganja. Mafuta ya nazi na ya mgando yanalainisha ngozi tu, hayazuii jua.

Hata hivyo, nguo ndiyo kinga ya kwanza, kwa sababu haimaliziki kama mafuta ya chupani. Inua shati kuelekea mwanga: ukiona taa vizuri kupitia kitambaa, jua nalo linapita. Pamba nyepesi ikilowa inapitisha zaidi. Kofia iwe na ukingo wa sentimita 8 hivi kuzunguka pande zote. Kapelo inaacha masikio na kisogo wazi. Kazi za shamba zifanyike kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, hata kukiwa na mawingu. Kichanga chini ya miezi 6 mfunike na umweke kivulini badala ya kumpaka mafuta.

Macho nayo yanahitaji melanini yanapoumbika tumboni, hivyo miwani husaidia lakini hairudishi uwezo wote wa kuona. Darasani mtoto akae mbele, dirisha likiwa mgongoni kwake.

Kagua ngozi kila mwezi, ukipapasa kwa vidole. Magamba makavu yanayokwaruza kama msasa hugundulika kwa kugusa kabla ya kuonekana. Yakiwahiwa, hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika na mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kidonda kisichopona ndani ya wiki 4, kinachovuja damu kikiguswa, au mdomo wa chini unaopasuka kila mara, usikitibu kwa dawa ya kupaka ya dukani. Nenda kliniki ya ngozi wiki hiyohiyo, nacho kikatwe kingali kidogo.