Sindano ya seli shina haioteshi gegedu jipya

Wiki iliyopita mzee mmoja alinitolea picha za eksirei kwenye bahasha, akauliza swali ambalo nimeshachoka kulisikia: "Daktari, nikiuza ng'ombe wawili nikachomwa seli zangu mwenyewe, gegedu litaota?" Kwenye picha za goti lake, mfupa wa paja ulikuwa umeukalia wa muundi, hakuna nafasi katikati.

Halioti, mzee wangu.

Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichanika halijifungi kama ngozi. Seli za uboho au za mafuta, ndizo huitwa seli shina kwa kudhaniwa zinaweza kuota kuwa tishu nyingine, zikichomwa kwenye goti lililosagika hazijipangi zikawa gegedu. Nyingi hufa upesi. Nafuu ikija, huletwa na kemikali zinazotolewa na seli hizo, zinazotuliza uvimbe. Mwanasayansi Arnold Caplan, aliyezipa jina la seli shina mwaka 1991, aliandika mwaka 2017 kwamba jina hilo libadilishwe, kwa kuwa linapotosha wagonjwa.

Mzee akauliza: "Mbona Sweden waliweza kuotesha gegedu?" Waliweza kitu kingine. Mwaka 1994 madaktari wa Göteborg walichapisha matokeo ya wagonjwa 23. Walichukua kipande cha gegedu lenye afya, wakakuza seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakalifungua goti, wakaziweka kwenye shimo la gegedu lililoumia na kulifunika kwa utando wa mfupa. Wenye shimo upande wa paja, 14 kati ya 16 walifanikiwa. Wenye shimo nyuma ya pia ya goti, 2 tu kati ya 7. Tena hao gegedu lao lililobaki lilikuwa zima. Kiraka hushonwa kwenye nguo, na goti la mzee wangu halina nguo tena.

Damu yako iliyozungushwa kwenye mashine kisha ikachomwa gotini nayo si seli shina: ni chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hata kiini hazina. Na kusema "ni zangu, hazinidhuru" ni kosa. Sindano yoyote inaweza kuingiza bakteria, na usaha huharibu goti kwa siku chache. Mfupa ndio hadithi nyingine. Uliovunjika ukakataa kuunga tunauwekea vipande vya mfupa wa nyonga yako mwenyewe, na mara nyingi huunga.

Mzee nilimwambia akae kitini, anyooshe mguu, ahesabu hadi 10, arudie mara 10, asubuhi na jioni. Apunguze na uzito: kila kilo 1 inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Ikishindikana, hao ng'ombe awauze awekewe goti bandia.