Maji ya mto hayana chaji ya ziada

Wiki hii nimeulizwa tena: "Kipimo kimesoma 600, basi mto huu una chaji nyingi?" Hapana! Maikrosimensi 600 kwa sentimita ni uwezo wa maji kupitisha umeme, basi. Jumlisha chaji zote zilizomo, chanya kwa hasi, upate sifuri. Maji yaporomoke au yatuame, sifuri ni ile ile.

Chukua lita yenye miligramu 40 za kalisi. Kila ioni ya kalisi, yaani atomu yake yenye chaji, ina chaji mbili chanya, na lazima zipate wenzao hasi. Wenzao wakiwa ioni hasi za bikaboneti tupu, kila moja na chaji moja, utakuta miligramu 122. Huwezi kuongeza upande mmoja ukauacha mwingine. Ndiyo maana matokeo ya vipimo vya maji yakifika, kwanza najumlisha pande zote mbili. Zikipishana kupita asilimia 5, aliyekosea ni mpimaji, si mto.

Safari moja kalisi ilizidi mno. Chupa ya maji ya kupimia kalisi tuliitia asidi pale pale mtoni, ili kalisi ibaki imeyeyuka. Ya bikaboneti haikutiwa kitu, ikakaa siku kadhaa. Niliinyanyua kwenye mwanga nikaona utando mweupe umeganda chini: chokaa, zao la kalisi na bikaboneti. Bikaboneti yangu ilikuwa imelala pale.

Lakini nakiri, mizania ya pande hizo mbili kukaa sawa si ushahidi kwamba vipimo ni sahihi, maana makosa mawili huweza kufutana. Tena kwenye mito yenye maji ya rangi ya chai, asidi zitokanazo na majani yaliyooza hubeba chaji hasi ambayo vipimo vyetu vya kawaida vya ioni havioni. Tunaikadiria kutokana na kaboni ya viumbehai iliyoyeyuka majini, na mara nyingine makadirio hayo huziba pengo tu. Hilo halinipi raha.

Mtiririko wenyewe una umeme, ila kiduchu. Mwaka 1832 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alitandaza waya wa shaba kwenye daraja la Waterloo, London, akautafuta umeme wa mto Thames unaokatiza usumaku wa dunia. Hakupata jibu la kuaminika. Hata mto wa upana wa mita 100, ukienda mita 1 kwa sekunde, hutoa milivolti chache tu, na hiyo ni chaji kutengana, si kuongezeka.

Chaji ya kufuatilia ni ya chembe za udongo wa mfinyanzi zinazoelea majini. Uso wa kila chembe ni hasi, umezingirwa na wingu la ioni chanya, na jumla bado ni sifuri. Mawingu hayo ndiyo yanayozifanya chembe zikimbiane, mto ukabaki na rangi ya udongo. Zikikutana na bahari, chumvi huyabana mawingu, chembe zikakaribiana, zikashikana, zikazama kuwa tope la mlango wa mto.