Je, wajua? Mpiga picha alisimama wapi: iulize nguzo, usiiulize sanamu

Ikipatikana picha ya kale ya mtaa wa Dar es Salaam, wengi wetu macho hukimbilia kitu maarufu. Sanamu ya Askari ikionekana tu, jibu liko tayari: Posta, makutano ya Samora na Maktaba. Mjadala umefungwa.

Kumbe hata haujaanza. Nairobi nako kuna sanamu ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, na Mombasa pia. Ya Nairobi ina watu watatu na ya Dar mmoja, ila kwenye picha iliyofifia, iliyopigwa kwa mbali, hata kuhesabu watu ni kazi. Halafu kabla ya huyu Askari kuwekwa mwaka 1927, Dar ilikuwa na sanamu nyingine, ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Maandishi ya chini ya picha nayo hutatiza: anayesoma "Acacia Avenue" anaweza kuutafuta mtaa huo hadi jioni, kumbe ndio huu wa Samora, uliowahi pia kuitwa Independence Avenue.

Hata ukiitambua sanamu bila kukosea, umejua tu kamera ilitazama nini. Sanamu huonekana kutoka pande zote za makutano. Kamera yenyewe ilikuwa wapi?

Hapo vitu visivyo na jina ndivyo vinavyosaidia. Wavuvi wa pwani hurudi kwenye mwamba uleule chini ya maji kwa kutazama nchi kavu: mnazi fulani wa ufukweni ukikaa sawasawa mbele ya mnara wa msikiti ulio nyuma yake, chombo kiko kwenye mstari mmoja. Jozi nyingine ya alama, upande mwingine, inatoa mstari wa pili. Mistari inapokatana ndipo penye samaki. Kwenye picha, mnazi ni nguzo ya taa au kona ya ukuta, na mnara ni, tuseme, ule wa Kanisa la Azania Front.

Siri iko kwenye tofauti ya umbali. Nguzo ikiwa mita 10 mbele yako na mnara mita 200, ukihama mita 1 tu kwenda kando, nguzo itaonekana imeteleza mita 19 mbele ya mnara. Lakini nguzo ikiwa mita 190, karibu kabisa na mnara, hatua hiyohiyo inaitelezesha kama sentimita 5, na hakuna jicho litakaloona hilo kwenye picha ya zamani. Kwa hiyo jozi nzuri ni ya kitu cha karibu na kitu cha mbali.

Husemwa kwamba lenzi ya kuvuta huharibu hesabu hii. Haiharibu. Lenzi hukuza au hupunguza picha nzima. Kipi kinakingama mbele ya kipi huamuliwa na mahali kamera iliposimama, basi.

Tatizo la kweli ni kwamba nguzo hung'olewa, miti hukatwa, na ghorofa mpya huziba mnara. Ndiyo maana mistari mara nyingi huchorwa kwenye ramani ya enzi ileile badala ya kutembelewa kwa miguu.

Kivuli nacho husaidia kujua upande, kwa tahadhari. Miongozo iliyoandikwa Ulaya husema kivuli cha saa sita mchana huelekea kaskazini. Dar hilo ni kweli kuanzia takriban katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi tu. Miezi mingine huelekea kusini. Usipojua picha ni ya mwezi gani, kivuli pekee kinaweza kukugeuzia mtaa mzima.

Na kabla ya yote hayo, soma mabango ya maduka. Herufi zikiwa kinyume, filamu iligeuzwa wakati wa kusafisha picha, na kila kilicho kushoto kilikuwa kulia.